Mtoto anaposahau alichohifadhi, tusikimbilie fimbo



Sifa zote njema zinamstahiki Allah (s.w.), aliyetuneemesha kwa akili na ulimi. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake wote.

Ndugu zetu wasomaji, miezi michache iliyopita, baada ya swala ya Alasiri, alitujia mzazi mmoja katika ofisi ya msikiti akiwa amemshika mkono mwanawe wa miaka 11. Hakuja kwa ugomvi. Alikuja kuomba jina la mtoto lifutwe katika daftari la madrasa. Mwaka uliotangulia, siku ya mahafali, mtoto yule alisimama mbele ya halaiki akasomeshwa hapa na pale katika Juzuu Amma, naye hakukosea. Watu walileta takbira, akapewa zawadi. Sasa baba yake alikuwa amemwambia asome Surat An-Nabaa, akakwama baada ya aya chache. Akamjaribu katika An-Naazi'aat, akakwama tena. Akamchapa. Siku ya pili akamjaribu upya, na hali ikawa mbaya kuliko jana yake.

"Huyu hana kichwa, Katibu," mzazi alituambia, na mtoto amesimama papo hapo. "Afadhali abaki na masomo ya shule tu, huenda huko akapata kitu."

Mtoto alikuwa akitazama sakafu.

Tulimwomba mzazi asubiri mwezi mmoja kabla ya jina kufutwa, naye kwa uungwana wake akakubali. Walipoondoka tukafungua daftari la maendeleo. Tuliyoyaona yalitutia haya. Tangu siku ya mahafali mtoto yule alihamishiwa Juzuu Tabaraka, na kwa muda wa miezi minane hapakuwa na kipindi hata kimoja alichorudishwa Juzuu Amma. Tukafungua na taarifa ya mwaka, ambayo tuliiandika sisi wenyewe na kuisomea jamaa wa msikiti. Ilikuwa na hesabu ya wanafunzi waliomaliza juzuu moja, mbili na tatu. Haikuwa na hesabu ya wanafunzi ambao bado wanacho kile walichomaliza.

Kwa hiyo kabla ya kumlaumu mtoto, palikuwa na watu wazima wa kulaumiwa, nasi tumo. Ndiyo sababu leo tumeona ni wajibu tuzungumze na wazazi na walimu juu ya namna ubongo unavyopokea somo, unavyolihifadhi na unavyolipoteza. Jambo hili linawahusu watoto wetu wa madrasa na wale wanaojiandaa kwa mitihani ya shule kwa kiasi kilekile.

Kusahau ni maumbile

Mwaka 1885 mwanachuoni wa Kijerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha kitabu juu ya kumbukumbu. Mtu aliyefanyiwa majaribio yote ya kitabu hicho alikuwa ni yeye mwenyewe. Alitunga silabi zisizo na maana yoyote, akazipanga katika orodha, akazikariri mpaka akaweza kuzitaja bila kosa. Kisha aliziacha kwa muda, na alipozirudia alipima ni kiasi gani cha kazi ya mwanzo kilichopunguka katika kujifunza upya.

Baada ya dakika 20 hivi, sehemu iliyosalia ilikuwa kama asilimia 58. Baada ya saa moja ilishuka hadi asilimia 44. Baada ya siku moja ilikuwa karibu asilimia 34, baada ya siku 6 asilimia 25, na baada ya mwezi mzima asilimia 21.

Ni kweli kwamba silabi zisizo na maana husahauliwa upesi kuliko maneno yenye maana na mahadhi. Lakini mwelekeo wa kusahau ni uleule, na ndani yake mna mafunzo mawili. La kwanza, sehemu kubwa ya kinachopotea hupotea mapema, katika saa na siku za mwanzo, na baadaye upotevu huenda polepole. La pili, hata baada ya mwezi hakikupotea chote. Kujifunza upya kulikuwa kwepesi kuliko kujifunza mara ya kwanza.

Mtoto anayekwama katika sura aliyoihifadhi zamani hakurudi alikoanzia. Kuna akiba iliyofunikwa, nayo yataka kufukuliwa. Anayemwambia mtoto huyo kwamba hana kichwa anamwambia jambo lisilo la kweli.

Kinachokaa mdomoni na kinachobaki

Pana tofauti kubwa baina ya kulishika neno kwa sasa na kulihifadhi. Tofauti hii ilidhihirika kwa msiba wa mtu mmoja. Mwaka 1953, katika mji wa Hartford nchini Marekani, Henry Molaison, kijana wa miaka 27, alipasuliwa ubongo ili apunguziwe kifafa kikali. Daktari aliondoa sehemu za ndani za pande zote mbili za ubongo, ikiwemo sehemu kubwa ya hipokampasi, kiungo kidogo kilichopinda ambacho jina lake limetokana na umbo la farasi wa baharini. Kifafa kilipungua. Lakini tangu siku ile hadi alipofariki mwaka 2008, Molaison hakuweza tena kuyaweka kumbukumbuni mambo mapya yaliyomtokea.

Mtaalamu wa saikolojia, Brenda Milner, alimchunguza kwa miaka mingi. Molaison alizungumza vizuri, alikuwa na akili timamu, na mambo mengi ya utotoni aliyakumbuka. Akipewa nambari ya tarakimu tatu aliweza kuishika kwa dakika kadhaa maadamu anaishughulikia akilini. Alipoelekezwa kwenye jambo jingine, nambari ilitoweka, na hata kule kupewa nambari hakukukumbuka.

Sisi wenye ubongo mzima tunazo njia zote mbili, ya kushika na ya kuhifadhi, na hapo ndipo tunapodanganyika. Watoto 30 wanapomfuatisha ustadhi aya moja mara kumi kwa sauti moja, kila mmoja huonekana ameijua. Alichoonyesha ni kwamba ameishika. Kuihifadhi ni kazi nyingine. Hutegemea mabadiliko katika maungio ya chembe za neva ndani ya ubongo, na maungio hayo huimarika kwa kutumika tena na tena. Hipokampasi ni mfano wa karani wa bandari: hupokea mzigo na kuuandikisha, lakini kuupanga mzigo ghalani huchukua saa nyingi, siku, na pengine zaidi. Ustadhi anayemsikiliza mtoto dakika tano baada ya kumfundisha, kisha akamwandikia "amehifadhi", ameandika kabla ya wakati.

Kufunga kitabu

Je, ni nini hasa kinachoimarisha maungio hayo? Wengi wetu tungejibu kwamba ni kusoma tena na tena. Jibu hilo ni nusu ya ukweli.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko mjini St. Louis, Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi habari fupi za kusoma. Kundi moja lilipewa vipindi vinne vya kuisoma habari ileile. Kundi jingine lilipewa kipindi kimoja cha kusoma, kisha katika vipindi vitatu vilivyofuata wakatakiwa kuandika wanachokumbuka bila kuitazama karatasi ya habari. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma mara nyingi walikuwa mbele: asilimia 83 dhidi ya 71. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka. Waliosoma mara nyingi walikumbuka asilimia 40, na wale waliofunga karatasi na kujitahidi kukumbuka walipata asilimia 61.

Tuzingatie na jambo hili. Wale waliosoma mara nyingi ndio waliokuwa na matumaini makubwa zaidi kwamba watakumbuka. Macho yaliuzoea ukurasa, wakadhani kwamba kuuzoea ndiko kuujua.

Hivi ndivyo yalivyo majumbani mwetu. Binti wa kidato cha nne huketi na daftari lake la Biolojia saa tatu, analipitia, anapigia mistari kwa kalamu ya rangi, anaandika upya nukuu za tuisheni kwa mwandiko mzuri. Mama akichungulia anamwona amejiinamia, moyo unatulia. Siku ya mtihani binti anasema swali analijua, ameliona, liko ukurasa wa upande wa kushoto, lakini jibu haliji. Hakuwa mvivu. Alijizoeza kuona jibu, na mtihani ukamtaka alitoe.

Dawa yake haina gharama. Asome ukurasa mara moja kwa makini, afunge daftari, achukue karatasi tupu aandike alichobaki nacho. Kisha afungue aone alipokosea. Dakika zile za kutafuta neno lisilokuja zinachosha, na mtoto atalalamika kwamba njia hii ni ngumu. Tumweleze kwamba katika ugumu ule ndimo kumbukumbu inamojengwa.

Wazee wetu wa vyuoni waliifuata njia hii. Mwanafunzi humsomea maalimu wake kwa moyo, msahafu ukiwa umefungwa au ukiwa mkononi mwa mwenzake. Kosa letu sisi wa leo ni haraka. Mtoto akisita kidogo tu, tunamtupia neno. Tungoje kidogo, avute pumzi mbili au tatu akilitafuta. Akilipata mwenyewe, litakaa. Asipolipata, tumsaidie kwa upole, aendelee.

Hapa ndipo penye suala la fimbo. Mzazi wetu alishangaa kuona siku ya pili mtoto amesahau zaidi. Hapana cha kushangaza. Hofu kali huzuia kukumbuka hata kile ambacho mtu anacho. Mtoto anayetazama mkono wa baba yake umeinuka wapi hana nafasi ya kuitafuta aya.

Kurudi kwa nafasi

Jambo la pili linaloimarisha kumbukumbu ni kurudi baada ya nafasi. Saa mbili za somo moja zikigawanywa nusu saa kwa siku nne huleta manufaa ya kudumu kuliko zikimalizwa katika kikao kimoja. Mtoto akirudi kwenye somo baada ya kuanza kulisahau, juhudi ya kulikumbuka hulikaza zaidi.

Wasomaji wetu wasidhani kwamba haya yametufikia kutoka Marekani na Ujerumani pekee. Imamu Az-Zarnuji, aliyeishi baina ya karne ya 6 na ya 7 Hijria, katika kitabu chake maarufu Ta'lim al-Muta'allim, anamwelekeza mwanafunzi kurudia somo la jana mara tano, la juzi mara nne, lililotangulia hilo mara tatu, kisha mara mbili, kisha mara moja. Tukifanya hesabu, mwanafunzi huyo anarudia mara 15 kwa siku, na kila somo analikuta kwa siku tano mfululizo huku idadi ikipungua. Kitabu hiki kimesomeshwa katika vyuo vyetu vizazi kwa vizazi. Tumekisoma, tukakifanyia mtihani, kisha tukaendesha madrasa kana kwamba hatukukisoma.

Na juu ya Az-Zarnuji kuna mfano ulio bora kuliko wote. Qur'ani Tukufu iliteremshwa kidogo kidogo kwa muda wa miaka ipatayo 23. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Jibrilu (a.s.) alikuwa akimjia Mtume (s.a.w.) kila mwaka katika Ramadhani wakipitia Qur'ani pamoja, na mwaka aliofariki walipitia mara mbili. Ikiwa muraja'a ulikuwa ni ada ya mbora wa viumbe, mtoto wa miaka 11 atauachaje? Tena Mtume (s.a.w.) alimfananisha aliyehifadhi Qur'ani na mwenye ngamia waliofungwa kamba: akiwaangalia hubaki naye, akiwaacha huenda zao. Hadithi hiyo inatufahamisha kuwa kuponyoka ni tabia ya kilichohifadhiwa. Wajibu wa mwenye ngamia ni kuikagua kamba kila siku.

Maana nayo ni kamba. Masahaba walijifunza aya chache chache, wakifahamu maana yake na kuitenda kabla ya kusonga mbele. Mtoto anayeelezwa kwamba Surat An-Nabaa inaanza kwa habari ya watu wanaoulizana, kisha inataja ardhi, milima, usiku na mchana, kisha Siku ya Hukumu, anapata njia ya kuifuata. Akikwama, anajua yuko mahali gani.

Usingizi ni sehemu ya somo

Mwaka 1924, katika Chuo Kikuu cha Cornell kilichoko jimbo la New York, watafiti Jenkins na Dallenbach waliwataka wanafunzi wawili wakariri orodha za silabi, mara nyingine kabla ya kulala na mara nyingine kabla ya saa za kukaa macho. Kwa muda uleule, wanafunzi wale walikumbuka zaidi baada ya kulala kuliko baada ya kukesha. Tafiti nyingi zilizofuata zimeonyesha kwamba ubongo wa aliyelala unaendelea na kazi ya kuyaimarisha yale yaliyosomwa mchana.

Kwa hiyo kijana anayekesha mpaka alfajiri usiku wa kuamkia mtihani anaikata kazi hiyo kabla haijafanyika. Mtume (s.a.w.) hakupenda mazungumzo baada ya Isha. Laiti nyumba zetu zingelishika hilo, televisheni ikazimwa na simu zikakusanywa chumbani kwa wazazi, watoto wangeamka Alfajiri na vichwa vyepesi, na saa ile baada ya swala ingekuwa saa bora ya kupima kilichobaki cha jana.

La kufanya nyumbani

Tunapendekeza nusu saa baina ya Magharibi na Isha. Dakika kumi za mwanzo mtoto asome kwa moyo alichojifunza jana, bila kutazama. Dakika kumi zinazofuata asome kitu cha wiki iliyopita au cha mwezi uliopita, kwa zamu, mpaka mzunguko ukamilike. Dakika kumi za mwisho ndizo za somo jipya. Muda ukiwa mfinyu, kinachopunguzwa ni kipya. Kwa masomo ya shule utaratibu ni huohuo: karatasi tupu kwanza, daftari baadaye.

Mzazi asiyeijua Qur'ani kwa moyo asione kwamba hana nafasi hapo. Ashike msahafu, afuatishe kwa kidole, amsikilize mwanawe. Asiyejua Kemia amwambie binti yake, "Nieleze mimi mamako ulichosoma leo." Anayeeleza analazimika kukumbuka.

Mwisho wa kisa

Tulimweleza mzazi wetu haya, naye akakubali kuyajaribu kwa sharti la mwezi mmoja. Fimbo aliiweka kando. Kila Magharibi aliketi na mwanawe barazani. Siku ya nne mtoto alisoma Surat An-Nabaa, aya zote 40, bila kusaidiwa. An-Naazi'aat iliwachukua wiki nzima. Hadi tunapoandika makala haya bado anatatizika katika Al-Mutaffifiin, na sura nyingine kadhaa hazijafikiwa. Lakini jina lake limo daftarini, na juzi alikuja mwenyewe kutuonyesha alipofika. Baba yake naye ametuambia kwa tabasamu kwamba An-Nabaa sasa anaijua, maana ameisikiliza mara nyingi mno.

Kamati imeamua kwamba siku mbili za kila wiki madrasani ziwe za muraja'a peke yake, na kwamba mwanafunzi asipewe juzuu mpya kabla ya kusikilizwa upya ile ya zamani, mwezi mmoja baada ya kuimaliza. Taarifa ya mwaka huu itakuwa na safu mpya: idadi ya wanafunzi ambao bado wanacho walichohifadhi. Tunajua kwamba hesabu ya mahafali yajayo itapungua. Wazazi wawili wamekwishatulalamikia kwamba madrasa imepunguza mwendo, na mmoja amemhamisha mwanawe kwenda penye mwendo wa haraka. Lawama hiyo tunaipokea. Ni nyepesi kuliko ile tuliyoistahiki siku mtoto yule aliposimama ofisini kwetu akitazama sakafu.

Tunamwomba Allah (s.w.) azifanye nyumba zetu kuwa nyumba za elimu na huruma, awazidishie watoto wetu fahamu na hifadhi, na atusamehe sisi walezi kwa yale tuliyowatwika bila ya kuwafunza namna ya kuyabeba. Aamin.

Wabillahi tawfiq.